Ardhi Inayokula Saruji

Siku ukingo wa kisima cha Nakimbwe ulipomeguka, Justa alikuwa shambani akipalilia ufuta. Aliyekuja kumwita ni Zakia, jirani yake, kanga imemlowa matope mpaka mapajani na goti linavuja damu. Alikuwa akivuta ndoo, mkono mmoja ameuegemeza kwenye pete ya zege ya juu kama afanyavyo kila asubuhi, na zege likamtoka kiganjani kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bi Adija, aliyekuwa akingoja zamu yake, ndiye aliyemdaka kiunoni. La sivyo angekwenda chini yeye na ndoo yake, mita kumi na moja.

"Dada Justa," Zakia alisema, "zile pete zako zimeoza."

Justa aliweka jembe chini. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na ishirini na tatu kati ya hiyo ilikuwa ya ufundi wa zege, kazi aliyofundishwa na marehemu baba yake huko Newala kabla hajaolewa upande huu wa Kilwa. Alikwisha kuona zege lililopasuka, zege lililoinama, hata zege lililogongwa na lori la korosho. Zege lililooza hakuwahi kuliona.

Alilikuta kisimani. Wanawake walikuwa wamesimama mbali, ndoo tupu miguuni, wakimwangalia anavyopiga magoti. Pete ile aliyoiacha ya kijivu na laini kama sahani ilikuwa nyeupe, imevimba na kuchanika, na alipoikwaruza ukucha ukazama ndani yake kama kwenye muhogo uliovundikwa. Nondo zilikuwa zinachungulia, nyekundu kwa kutu. Aliinama akatazama chini. Pete ya pili na ya tatu zilikuwa hivyo hivyo.

"Miaka sita tu," Bi Adija alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini Justa alilisikia lile "tu".

Mkutano uliitishwa Jumamosi, kwenye darasa la nne la shule ya msingi. Shaaban Mtopela, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikaa kwenye kiti cha mwalimu, kofia ya kitambaa imekaa sawasawa kichwani. Alikuwa mtu wa maneno laini. Hata alipokuwa anakuvua nguo mbele za watu, alifanya hivyo kwa bismillahi na samahani.

"Ndugu zangu, sisi hatumhukumu mtu," alianza. "Tunauliza tu. Mradi wa maji ulileta mifuko ishirini na minne ya simenti. Mchanga wa mto ulikuwepo, kokoto zilikuwepo. Sasa zege linayeyuka kama sukari. Zege linaloliwa na maji ni zege lililonyimwa simenti. Hilo linahitaji msomi?"

Watu wakacheka kidogo. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba mwaka ule ule dada yake Justa alimaliza nyumba kule Mitole, tena ya tofali za simenti. Mwingine akasema mwanamke hupima simenti kama anavyopima unga wa uji wa mtoto. Hapo kicheko kikawa kikubwa, na Benjamini, mume wa Justa, akainuka. Justa alimvuta shati akaketi.

"Nilitia mifuko yote ishirini na minne," Justa alisema akiwa amesimama. "Karai moja la simenti, mawili ya mchanga, matatu ya kokoto. Maji ya kukorogea niliyatoa bombani Kiranjeranje, sikutumia ya hapa yenye chumvi. Nilizifunika pete kwa magunia nikazimwagilia siku kumi na nne, na wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulikuja ukasema namaliza maji ya watu. Mifuko mitupu nilikukabidhi kwa mkono. Mkagawana ya kubebea ufuta."

"Mfuko mtupu hausemi simenti ilikwenda wapi," Shaaban alijibu kwa upole.

Ikaamuliwa kwamba barua iende ofisi ya mradi kueleza udanganyifu wa fundi. Ikaamuliwa pia kwamba tangi la zahanati, lile la kuchimbiwa ardhini la kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya wazazi wanaojifungua, Justa asiliguse. Ataletwa fundi kutoka Lindi mjini, kijana anaitwa Deo. Kumwaga zege kungeanza baada ya wiki tatu.

Justa alirudi nyumbani bila kulia. Angelia angalau kifua kingepungua moto. Kilichomkaa kooni si kile kicheko. Wanaume wamemcheka tangu siku ya kwanza aliposhika koleo. Kilichomkaa ni lile neno "nyima". Yeye Justa awanyime Zakia na Bi Adija saruji, kwenye kisima anachochota maji yeye mwenyewe?

Benjamini alimkuta uani amechuchumaa mbele ya pete ya zege aliyoigeuza meza ya kuanikia vyombo. Ilikuwa pete ya kumi. Kisima kilihitaji tisa. Hii ilipata ufa mdogo wakati wa kuitoa kwenye fomu ya kumiminia zege, akaibeba nyumbani kwa mkokoteni, ikawa inakaa juu ya mawe hapo uani tangu siku hiyo.

"Niletee nyundo," Justa alisema.

Aliipiga kwa nguvu zote. Nyundo iliruka, mkono ukamfa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Pete ililia kama kengele na kuacha alama ndogo nyeupe, basi. Akaipiga tena upande wa pili. Vilevile.

"Simenti moja," alisema polepole. "Mchanga mmoja. Siku moja. Mkono wangu huu huu. Hii imekaa juu ya mawe, zile zimekaa ardhini." Akageuka kumtazama mumewe. "Ben, si mimi. Ni udongo."

Kesho yake, baada ya misa, alifunga donge la zege bovu kwenye kitambaa akapanda pikipiki mpaka kwenye machimbo ya jasi, ng'ambo ya Kiranjeranje. Msimamizi wa zamu pale alikuwa Nikodemo, Mmakonde mwenzake waliyezoeana kanisani, mtu mwembamba mwenye nyusi zilizojaa vumbi jeupe la jasi wakati wote, utadhani amezaliwa nazo.

Nikodemo alilisaga donge kwa vidole viwili. Hakushangaa hata kidogo.

"Hii imeliwa," alisema. "Ardhi yetu hii ina jasi. Siyo hapa tu tunapochimba, mshipa unakwenda mpaka kwenu Nakimbwe. Maji yakipita humo yanabeba chumvi yake, yanaingia kwenye zege kupitia vinyweleo, yanakutana na kitu kilichomo ndani ya simenti ya kawaida. Vinavimba. Vikivimba, zege linapasuka kwa ndani. Likipasuka maji yanaingia zaidi."

"Lakini jasi si ndiyo mnapakia kwenye malori kupeleka viwanda vya simenti?"

"Ndiyo. Viwandani wanatia kidogo tu, ili simenti isigande haraka mno. Ikija nyingi kutoka nje, zege likishakomaa, hiyo ni sumu."

Akampeleka kwenye mzani wa malori. Shimo lake lilikuwa limechimbwa kwenye udongo mweupe kabisa, na kuta zake za zege zilikuwa na miaka minane. Justa alishuka ngazi, akatoa nyundo mfukoni. Ko, ko, ko. Nzima.

"Hizi mlijengaje?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mhandisi wetu alikataa simenti ya kawaida. Akaagiza ile iliyosagwa pamoja na majivu ya volkano. Alituambia yale majivu yanakula chokaa inayobaki ndani ya zege, yanaziba vinyweleo, chumvi inakosa njia. Na akasimamia maji ya kukorogea, machache, mpaka tukamchukia. Tena ile simenti haina uchomaji mwingi wa makaa kama hii nyingine, kwa hiyo hata bei yake haiko juu. Ubaya wake ni mmoja, inachelewa kukomaa. Unaimwagilia mwezi mzima."

Justa alisimama shimoni, kiganja kwenye ukuta. Kwa hiyo shimo la kupimia malori lilipewa zege la kudumu, na kisima cha kunywesha watoto kikapewa la miaka sita.

"Sisi hatukujua," alisema. "Hakuna aliyetuambia."

Nikodemo alikwangua vumbi kwenye nyusi, akasita. "Fundi, nikikwambia jambo usiseme ni mimi. Wale watu wa mradi wenu walipima udongo kabla ya visima kuchimbwa. Walifika mpaka hapa kuazima toroli la kubebea sampuli. Wao wanajua."

Ofisi ya mradi ilikuwa Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya kupanga yenye kibao cha bluu: Maji Safi Pwani Kusini. Justa alifika saa tatu asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka saa saba. Aliyemwita ndani alikuwa fundi sanifu kijana, jina lake Brighton, shati limepigwa pasi vizuri na barua ya Shaaban iko mezani mbele yake.

"Shikamoo, mama. Ndiyo wewe wa Nakimbwe? Tumepokea malalamiko kuhusu..."

"Marahaba. Mlipima udongo wa Nakimbwe?"

Brighton hakuwa mtu mbaya, na labda ndiyo maana hakupata muda wa kutunga uongo. Alivuta faili kabatini, akafunua, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo masikio yalivyomwiva.

"Ipo," alisema. "Maabara ilisema udongo una salfeti, hiyo chumvi ya jasi, kwa kiwango cha juu. Wakashauri... ee... wakashauri saruji ya kawaida isitumike. Itumike yenye pozolana, ndiyo hayo majivu ya volkano, na zege liwe zito."

"Tarehe?"

Aliitaja. Ilikuwa miezi miwili kabla Justa hajafungua mfuko wa kwanza.

"Sasa kwa nini mliniletea ya kawaida?"

"Mama, mimi sikuwepo wakati huo. Ripoti iliambatanishwa kwenye taarifa ya wafadhili. Ununuzi unafanywa na idara nyingine. Walinunua simenti ya aina moja kwa vijiji vyote, kurahisisha."

"Kurahisisha," Justa alirudia. Aliinuka, na wale wawili waliokuwa meza ya pili wakaacha kuandika. "Miaka sita karatasi hii imelala kwenye kabati lako. Juzi Zakia nusura afe. Mimi nimeitwa mwizi mbele ya wanangu, na wewe umekaa hapo na barua ya kusema mimi mwizi, na jibu lake liko nyuma ya mgongo wako! Mliogopa nini kutuambia? Kwamba hatutaelewa? Mimi ni fundi. Ungeniambia 'Justa, ardhi hii inakula simenti', ningeelewa kabla hujafunga mdomo."

Brighton, bila kumwangalia usoni, akaiweka ripoti kwenye mashine, akatoa nakala na kumpa. "Sijakupa mimi," alisema.

Justa aliikunja akaitia kifuani. Njiani alihesabu kwamba huyo alikuwa mtu wa pili ndani ya wiki moja kumwambia ukweli na kumwomba asimtaje.

Alimpelekea Shaaban nakala hiyo jioni ile ile. Shaaban aliitazama, akasema imeandikwa Kiingereza, akasema kamati itaijadili kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa baada ya mwezi. Zilipopita wiki mbili, Deo alikuwa amekwisha fika, shimo la tangi limechimbwa, nondo zimefungwa, na mifuko ya saruji ya kawaida imepangwa kwenye veranda ya zahanati. Kumwaga kungekuwa Jumatatu.

Jumatatu saa moja, vibarua walipofika na makarai, walimkuta Justa ameketi ndani ya shimo, juu ya kiti cha kukunja, kanga imefungwa kichwani. Benjamini alikuwa amesimama ukingoni na chupa ya chai.

"Toka humo, fundi," Shaaban alisema alipokuja. Ule ulaini ulikuwa umempungua. "Unazuia maendeleo ya kijiji."

"Nazuia maji ya zahanati yasigeuke uji mweupe. Isomwe hii karatasi, mbele ya watu, neno kwa neno. Ikishasomwa, mkitaka kumwaga, mnimwagie nikiwa humu humu."

Watu walikuwa wanazidi kufika. Mary, muuguzi wa zahanati, alitoka nje akikausha mikono. Alikuwa mgeni kutoka Songea, hana ndugu wala ugomvi kijijini. Aliichukua karatasi akaanza kusoma, sentensi moja ya Kiingereza, moja ya Kiswahili. Alipofika kwenye jina la Nakimbwe, Bi Adija akasema, "Rudia hapo, binti." Akarudia.

Deo, kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa ameegemea mashine ya kukorogea zege tangu mwanzo, alishuka shimoni. Alichuchumaa pembeni ya kiti cha Justa, penye kidimbwi cha maji yaliyochuruzika usiku, akachovya kidole akaonja. Akatema.

"Shikamoo, mama," alimwambia Justa.

"Marahaba."

"Walinieleza wewe ulikuwa unauza simenti."

"Najua walichokueleza."

Deo alisimama akapandisha sauti. "Mwenyekiti, mimi hapa simwagi. Tangi likioza miaka sita ijayo mtaniita mimi mwizi. Leteni simenti iliyoandikwa kwenye karatasi, nitafanya. Na nitafanya na huyu mama, kwa sababu yeye anaijua ardhi hii, na mimi ile ya majivu sijawahi kuishika."

"Mkataba wako..." Shaaban alianza.

"Mkataba haukusema nijenge kwenye chumvi."

Hapo ndipo Zakia alipozungumza, yeye ambaye mikutanoni huwa hafungui mdomo. "Mwenyekiti, karatasi hii ulikuwa nayo tangu lini?"

Shaaban aliangalia mifuko, akaangalia watu. Wiki mbili na nusu, ilimbidi aseme. Akazomewa, na safari hii kofia haikukaa sawa.

Saruji ilibadilishwa. Ilichukua siku ishirini, simu nyingi na safari mbili za Mary kwenda Masoko, lakini mifuko mipya ilifika, na Brighton akaja nayo mwenyewe. Justa na Deo walimwaga tangi kwa zege zito la maji machache, wakalishindilia kwa nondo mpaka mikono ikaota malengelenge, wakapaka lami upande wa udongo, wakalimwagilia siku ishirini na nane. Kisha wakaanza pete mpya za kisima.

Siku ya kukabidhi tangi, Shaaban alisimama akasema kwamba kamati, kwa umakini wake, iligundua tatizo la udongo mapema. Na kwamba kama kuna mtu alikwazika kwa maneno yaliyosemwa, basi binadamu hukosea, tusameheane. Watu wakapiga makofi ya adabu. Justa alinyoosha mkono.

"Sikukwazika," alisema. "Nilisingiziwa. Uliniita mwizi mbele ya watu hawa, kwa jina langu. Unaponiomba radhi, nitaje jina vilevile."

Shaaban alikohoa. Akasema jua limekuwa kali, wageni wanasubiri chakula. Jina hakulitaja, na mpaka leo hajalitaja. Barua ile ya udanganyifu nayo haijafutwa. Brighton anasema hakuna utaratibu wa kufuta barua. Zakia alipomwambia Justa aliache lipite, maadamu maji yanapatikana, Justa alimjibu kwamba maji ni ya wote lakini jina ni lake peke yake.

Wiki hiyo hiyo Mary alimwita. Alikuwa ameisoma ripoti mpaka kurasa za mwisho, zile ambazo hakuna aliyezifikia, na huko palikuwa na jedwali. Udongo wa namna ile ulipatikana katika vijiji vinne, Nakimbwe na vingine vitatu ambavyo mradi ndiyo kwanza umeanza kuvijengea visima.

Justa alimpigia Brighton simu akamuuliza kama vijiji vingine vitatu vimeambiwa. Brighton alisema hilo ni la idara nyingine, kisha salio likaisha.

Basi walikwenda wenyewe, yeye na Deo, kwa pikipiki ya Deo. Kijiji cha kwanza walikuta shimo tupu na saruji bado iko stoo. Wazee walisikiliza, wakairudisha. Cha pili walibishana nao nusu siku, wakakubali. Cha tatu, barabara mbovu ya kuelekea milima ya Kipatimu, walifika wamechelewa. Pete kumi zilikuwa zimekwisha teremshwa, mpya, za kijivu, zinang'aa. Fundi wake alikuwa Yohana, mzee mfupi mwenye kovu la zamani kwenye kidevu, naye aliwatembeza kuzunguka kisima chake kwa fahari, akigonga ukingo kwa kiganja ili wasikie ulivyo imara.

Justa alimwacha amalize. Kisha akamweleza yote, tangu goti la Zakia. Uso wa mzee ulififia taratibu.

"Mimi nilitia yote waliyoniletea," Yohana alisema. "Mfuko kwa mfuko."

"Najua, baba."

"Sasa nifanyeje? Niwaambie wazing'oe? Watanielewa? Wataniona nimechanganyikiwa."

Deo alitazama pembeni. Justa alikumbuka siku ile ya darasa la nne, alivyosimama mbele ya watu bila karatasi mkononi.

"Una daftari?" aliuliza.

Mzee aliingia nyumbani kwake, hapo jirani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Justa aliketi kwenye ukingo wa kisima, akaliweka gotini, akaandika tarehe, aina ya saruji iliyokuwa kwenye mifuko, idadi yake, na jina la ofisi iliyoileta. Akanakili ile sentensi ya maabara kwa Kiswahili cha Mary. Chini yake akaandika majina yote matatu ya Yohana, kisha yake.

"Twende kwa mtendaji wako sasa hivi," alisema, akiinuka na kufuta vumbi. "Agonge mhuri leo, zege likiwa bado zima."